Mdogo wangu na mweka hazina wetu: nani hapo ni saikopathi?

Mama Sauda, Tanga
Wanajamvi, habari za jioni. Kuna watu wawili wananichanganya. Wa kwanza ni mdogo wangu. Tangu yuko darasa la nne anapiga wenzie, anatoroka shule, anaiba kuku wa jirani. Amefungwa kwa kumchoma mtu kisu kilabuni, katoka, karudi tena kwa wizi. Akipandisha hasira hamjui mama wala baba. Lakini mama yetu alipolazwa, alikesha nje ya wodi analia.

Wa pili ni mweka hazina wa kikoba chetu. Mtaratibu, sauti ya chini, hajawahi kugombana hata na konda. Siku ya kuvunja kikoba, hela hazipo. Kwanza alisema benki imekosea, halafu mume anaumwa, mwisho akamtaja katibu kuwa ndiye mchukuaji. Katibu ni shoga yake wa tangu utotoni! Katibu akaangua kilio mbele yetu, mwenzie anamtazama tu huku anamenya pipi.

Binti yangu yuko chuo, anasema saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala aibu, ni mjomba wake, si ana jela? Moyo wangu unakataa. Mwenye ujuzi anifahamishe.

Chaurembo
Wote wezi tu mama, wapeleke polisi tulale.

Nesi Mstaafu, Dodoma
Mama Sauda, shikamoo kama umenizidi. Nimefanya kazi wodi za akili na nimehudumia wafungwa mpaka nastaafu, kwa hiyo swali lako nalijua kwa sura.

Binti yako ameangalia jela, na jela inapima matendo. Mwongozo wa uchunguzi wa Wamarekani, DSM, tangu 1980 una kitu kinachoitwa haiba ya kupinga jamii. Dalili zake ni saba: kuvunja sheria, kudanganya, kukurupuka, ugomvi, kutojali usalama, kutowajibika, kutojuta. Tatu zinatosha, ila mtu awe ametimiza miaka 18 na vurugu ziwe zilianza kabla ya 15. Mdogo wako na kuku wake anaelekea huko. Na hayuko peke yake: mwaka 2002 zilikusanywa tafiti za magereza ya nchi 12, ikaonekana wafungwa wanaume 47 kati ya 100 wana hali hiyo. Saikopathi ni wachache zaidi kuliko hao, hata humo gerezani.

Saikopathi anatafutwa ndani. Daktari Mmarekani Hervey Cleckley aliwaeleza mwaka 1941: wachangamfu, wenye akili zao timamu, hawana wahaka, hawana aibu, mapenzi yao hayana kina. Baadaye Robert Hare wa Kanada akatunga orodha ya vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Kwao Amerika Kaskazini, anayefika 30 kati ya 40 ndiye anayehesabiwa. Lakini anayepima ni mtaalamu aliyefundishwa, anamhoji mtu na kusoma mafaili yake. Mimi na wewe hapa tunapiga soga.

Nilichokiona wodini ni hiki: mwenye hasira kama za mdogo wako huchokozwa, akarukia, kisha akaumia. Yule mwingine hupanga. Ukimlilia anakutazama, anangoja umalize.

Msomi wa Kange
Nesi, na sosiopathi je? Huku chuoni tunaambiwa ndiye aliyeharibiwa na malezi.

Nesi Mstaafu, Dodoma
Hayo ni ya David Lykken, mwanasaikolojia wa Marekani: saikopathi kazaliwa na upungufu wa woga, sosiopathi kaharibiwa na malezi. Mwaka 1957 alionyesha kwamba saikopathi hujifunza kwa shida kukwepa kitu kitakachompiga shoti ya umeme, kwa sababu hofu haimshiki. Mimi naona ni mgawanyo wa kufikiria nao, lakini hospitalini hakuna atakayeandikiwa sosiopathi. Wala saikopathi, ukifuata DSM.

Mama Sauda, Tanga
Kwa hiyo mweka hazina ndiye?

Nesi Mstaafu, Dodoma
Sijasema, mama. Vipengele vingi vya Hare vinataka historia: uhalifu wa utotoni, kukurupuka, kuvunja masharti ya kuachiwa kutoka gerezani. Mtu mwenye rekodi safi anaweza asifike 30 hata moyo wake uwe barafu, na wataalamu wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Anaweza pia kuwa mwizi wa kawaida mwenye uso mkavu. Muulize katibu alivyokuwa naye miaka yote hiyo. Kumenya pipi mara moja hakutoshi.

Mdogo wako mtafutie msaada wa kuacha pombe kwanza. Kisu kilitokea kilabuni, sivyo?

Mama Sauda, Tanga
Ndiyo, na cha kwanza pia, ambacho sikukisema. Ahsante sana. Jumamosi tuko kwa mtendaji, katibu kapata daftari la marejesho.

Nesi Mstaafu, Dodoma
Lipigeni picha kila ukurasa kabla hamjalikabidhi. Na katibu asiende kuongea na yule mama peke yake, atarudi ameshaombwa msamaha na kukopwa juu.