Paka mwenye jipu la usaha, mafua na fizi nyeupe: tuanzie wapi?

Mkazi wa Gungu, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa haraka. Paka wetu dume, ambaye hajahasiwa, aling'atwa na mwenzake karibu na mkia, pakavimba, kisha pakapasuka na kutoa usaha wenye harufu kali. Afisa mifugo alimchoma sindano ya oksitetrasaiklini, akapata nafuu, lakini sasa amedhoofika tena: macho na pua vinatoa ute, hali chakula tangu juzi, na fizi zake zimekuwa nyeupe. Ana viroboto wengi. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Nyumbani kuna watoto wadogo.

Daktari wa mifugo, Tabora

Pole sana. Kwa maelezo yako, sidhani kwamba ni ugonjwa mmoja. Jino la paka hupenyeza bakteria chini ya ngozi, hasa *Pasteurella*, tundu hujifunga juu, na usaha hujikusanya ndani, mahali ambapo dawa ya sindano haifiki vizuri. Kwa hiyo jipu lazima lifunguliwe na kusafishwa, ndipo dawa kama amoksilini yenye asidi ya klavulani ifanye kazi.

Fizi nyeupe zinanitia wasiwasi kuliko jipu lenyewe. Viroboto hunyonya damu, tena hushukiwa kueneza *Mycoplasma haemofelis*, bakteria wanaojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu hadi zinavunjwa. Hao hutibiwa kwa doksisaiklini. Omba damu yake ipakwe kwenye kioo na kupimwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapa Tabora.

Chini ya hayo yote huenda kuna virusi vinavyodhoofisha kinga: FIV, ambavyo madume huambukizana kwa kung'atana, au FeLV, ambavyo hupita zaidi kwenye mate. Virusi hivyo haviambukizi binadamu. Tafadhali mpime joto. La kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2.

Mfugaji wa paka, Isevya

Naongeza jambo ambalo limeua paka wengi: msimpe panadoli hata kipande, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuimudu, na msimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Kidonge cha doksisaiklini kifuatwe na maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani kikikwama kooni huunguza umio. Supu ya dagaa isiyo na chumvi, ikiwa vuguvugu, humvutia kwa harufu hata pua ikiwa imeziba.

Mkazi wa Gungu, Kigoma

Asanteni. Joto ni nyuzi 37.1. Nilidhani homa inashuka.

Daktari wa mifugo, Tabora

Hapana, ndugu yangu, hiyo si nafuu. Paka ambaye bakteria wameenea mwilini mwake mara nyingi hupoa badala ya kuchemka, na mapigo ya moyo wake hupungua. Mfunikeni blanketi, msimlazimishe kula akiwa amelegea, na mumpeleke leo hii kwa daktari aliye karibu, atundikiwe dripu na kuchomwa dawa kwenye mshipa. Vipimo vya virusi vinaweza kusubiri. Kwa kuwa aling'atwa, mwelezeni daktari kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo huwapata paka pia. Watoto wasimshike. Yeyote aking'atwa au kukwaruzwa naye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali.