Mpira wa kupumulia unavyotolewa theta, mbona oksijeni ya wengine hushuka?

Sista wa Kisauni
Hamjambo. Mimi ni nesi, nawapokea wagonjwa wakitoka theta (chumba cha upasuaji) kabla hawajapelekwa wodi. Hospitali siitaji. Kwa miezi miwili nina daftari mfukoni, maana kuna jambo lanisumbua.

Tuna madaktari wawili wa nusukaputi, nami nimewahi kushika zamu mle ndani nikawaona. Wa kwanza, akitoa mpira wa kupumulia, hupitisha mrija wa kufyonza ndani yake, akavuta vyote pamoja mashine ikiendelea kufyonza. Wa pili husafisha mdomo mapema, mgonjwa angali usingizini. Akishaamka huminya mfuko wa hewa mapafu yajae, lile puto linaloziba kandokando ya mpira kooni likatolewa upepo, na mpira ukachomolewa papo hapo. Wa kwanza wake hunifikia na oksijeni ya damu asilimia 90, 91. Wa pili wake 96, 97. Juzi mama mmoja aliyetolewa kifuko cha nyongo alisoma 86, roho ikanipaa.

Je, ni mpira, au najitia wasiwasi? Nikiuliza kazini naambiwa, "Sista, hiyo si kazi yako."

Mzee wa Ganjoni
Ni kazi yako, mwanangu. Nimewalaza watu miaka 26 hadi nikastaafu, na hiyo ya kwanza ndiyo niliyofundishwa. Ilionekana ya usafi: toa mpira na uchafu wake kwa mpigo. Lakini mrija ule hauchagui. Makohozi unavuta na hewa unavuta, vifuko vidogo vya mapafu vikanywea. Na mtu anayezinduka akiba yake ya hewa yashapungua, hasa akiwa mnene au kapasuliwa tumbo la juu. Wamnyang'anya kidogo alichonacho, kisha wamtaka akohoe!

Mapafu yakijazwa kwanza, pumzi ya kwanza bila mpira ni ya kutoka. Hiyo husukuma makohozi yaliyotuama juu ya puto hadi mdomoni, ukayafyonza huko. Mwongozo wa Difficult Airway Society ya Uingereza (chama cha wataalamu wa njia ya hewa) wa 2012 nao wasema hivyo: jaza, toa upepo wa puto, chomoa.

Ila usimhukumu daktari bado. Oksijeni tupu tunayowapa kabla ya mpira kutoka ni akiba, lakini ina mtego wake. Hewa ya kawaida ni naitrojeni karibu asilimia 78, na damu hainyonyi naitrojeni upesi, kwa hiyo vifuko hubaki wazi. Ukiiondoa yote, oksijeni hunyonywa na vifuko vikajifunga. Na oksijeni ya damu ikishuka chini ya 90 ni mteremko, hapo hesabu huporomoka.

Sasa nijibu: wanaletwa kwako na mtungi wa oksijeni au bila? Hatua ngapi?

Mpaka Piko Majengo
Mimi si mtu wa hospitali, napamba maharusi. Dadangu alipopasuliwa kujifungua, kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kilisoma 84, naye yuacheka na kutudai chai. Sista mmoja mtu mzima akamtazama vidole, piko nyeusi tii hadi kwenye kucha (kazi yangu mwenyewe, ya wiki ile). Akakihamishia sikioni: 98. Tangu siku hiyo mteja akiniambia ana tarehe ya opareshoni, vidole viwili namwachia vitupu.

Sista wa Kisauni
Shikamoo mzee. Leo nimehesabu. Daktari wa kwanza hutumia theta ya mwisho, hatua 74 hadi mlangoni kwangu, na kitanda husukumwa bila mtungi. Ya pili tumepakana ukuta. Daftari zima sikuandika hilo hata mara moja, naona haya.

Yule mama hakuwa na piko, nilimwangalia. Nilimwinua kichwa, nikamvisha barakoa ya oksijeni, nikakaa naye avute pumzi ndefu. Dakika kumi akafika 95.

Mzee wa Ganjoni
Marahaba. Usione haya, wengi hata daftari hawana. Anza na mtungi, huo haumuudhi mtu. Ya mpira mwulize daktari mwenyewe wakati wa chai ya saa nne, mkiwa wawili tu. Na ongeza safu mbili: katoka theta gani, na uzito wake.

Sista wa Kisauni
Mtungi tunao, mzee, tena umejaa. Spana ya kuufungulia ndiyo haijaonekana tangu Ramadhani.