Kambale mdogo wa madoadoa anajificha nyuma ya filta wiki ya tatu sasa, maji yangu ni ya baridi, nifanyeje?

Binti_Njombe
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nipo Njombe, na anayepajua anajua mwezi wa saba huku koti unavaa mpaka ndani ya nyumba. Nina tenki la sentimita 90 kwa 40 kwa 45, lina goldfish wawili wana mwaka wa pili sasa, hawajawahi kuona hita na wako vizuri tu. Mwezi uliopita nilikuwa Dar nkanunua kambale mdogo mmoja wa madoadoa, wale wa kukaa chini, muuzaji akanambia huyu anakula uchafu, mmoja anakutosha. Nikamsafirisha kwenye mfuko usiku kucha nimempakata.

Tangu nimuweke hatoki nyuma ya filta. Usiku nikimulika na tochi namkuta anazunguka mwenyewe, mchana simwoni, na kuna muda anachomoka kwa kasi mpaka juu anagusa hewa halafu anarudi chini. Asubuhi kipimajoto kinasoma 16, mchana 18 au 19. Chini nimeweka kokoto nyeupe zile za kuvunjwa. Anaumwa? Ninunue hita? Umeme wenyewe unakatika hovyo. Roho inaniuma kwakweli, nikimwona pale kwenye kona naona kama nimemwonea.

Fundi_Vioo
Dada pole, ila kabla ya hita tumjue kwanza huyo ni nani maana hawa wadogo wote wanauzwa kwa jina moja na baridi hawaipendi sawa. Mwangalie ubavuni, kama ni kijivu au kijani iliyofifia na ana mabaka meusi yasiyo na mpangilio, huyo ni Corydoras paleatus, jamii ya kambale wadogo tunaowaita kori, na hapo umepata bahati sana. Kama kichwa ni cheusi chenye vidoti vyeupe na mapezi ya mbele ya rangi ya chungwa, huyo ni sterbai, anataka nyuzi 24 kwenda juu na kwa Njombe bila hita unamtesa.

Paleatus kwao ni huko Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil, mito inayomwagikia Río de la Plata. Kule kuna baridi ya kweli, sio Amazoni. Ndo maana nyuzi 18 mpaka 23 ndo raha yake na ukimpeleka 28 kwa muda mrefu anachoka mapema. Hiyo 16 yako ya asubuhi ni ya chini lakini kama inashuka polepole anaivumilia, kinachomuumiza ni kupanda na kushuka ghafla. Toa tenki karibu na dirisha, funika juu, nyuma na pembeni bandika shiti la povu.

Kuchomoka juu kugusa hewa usiogope, hawa humeza hewa na utumbo wao unachukua oksijeni humo. Akifanya mara mojamoja ni kawaida yake, akifanya kila dakika basi maji yako yamechafuka, pima amonia na naitraiti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, siku hiyohiyo.

Binti_Njombe
Ni kijivu cha kijani na mabaka meusi! Nimefurahi. Sasa mbona anajificha hivyo?

Mwl_Maji
Kwasababu yuko peke yake dada. Ugonjwa wake ni huo. Nimefuga hawa miaka mingi na jambo moja ningetamani kila muuzaji alijue ni hili, kori mmoja si kori. Kwao wanatembea kundi, mmoja akichimba na wenzake wanachimba, wakipumzika wanalala wamegusana mbavu, na ukiwatazama utaona mmoja anamsukuma mwenzie kwa sharubu kama anamwamsha twende. Ukimtenga anaishi kama mtu aliyeshuka stendi asiyoijua, anasimama kwenye kona anasubiri. Anza na sita. Sita wa aina hiyohiyo, usichanganye na wa shaba wala panda ukasema wote ni kori, watakaa tenki moja ila kundi lao ni kila aina kivyake.

Na lile neno la "anakula uchafu" tulikatae kabisa, hakuna samaki anayekula mavi ya goldfish akashiba. Anakula chakula, mpe vidonge vinavyozama, minyoo myekundu mara mbilitatu kwa wiki, na mpe usiku ukishazima taa maana mchana goldfish watamaliza kila kitu kabla hakijafika chini. Kwa baridi yenu punguza kiasi, samaki wa maji ya 16 anasaga polepole na mabaki yataoza.

Hizo kokoto zitoe. Kazi yote ya huyu samaki ni kuzamisha pua mchangani, anaingiza mchanga mdomoni, anachuja na kuutolea kwenye mashavu. Nyumba ya kambale kila mtu ana sharubu, na zikiisha sharubu hana macho ya kutafutia. Kokoto kali zinakwangua, na uchafu unaojificha katikati yake ndo unaozesha kabisa, mara nyingi huo uchafu ndo mbaya kuliko ukali wenyewe. Chukua mchanga laini wa mto, osha mpaka maji yatoke meupe, dondoshea siki kidogo, ukitoa mapovu una chokaa, tafuta mwingine. Sentimita 3 zinatosha.

Fundi_Vioo
Naunga mkono ila mwalimu amesahau goldfish. Dada goldfish wako wana urefu gani?

Binti_Njombe
Mmoja kama 13 hivi, mwingine 11.

Fundi_Vioo
Basi watenganishe. Najua wengi wanawaweka pamoja kwasababu wote ni wa baridi, hata mimi niliwaweka. Kori ana mwiba mgumu kwenye mapezi ya mbele na wa mgongoni na akitishwa anaikaza ikiwa imesimama, haikunjiki. Goldfish mkubwa anaweka mdomoni kila kinachoingia. Nilimpoteza goldfish wangu wa miaka minne na kori siku moja, yule kamkwama kooni, nilijaribu kumtoa nikashindwa, sitaki mtu mwingine alione lile. Na huo mwiba ukikamata wavu usivute, kata nyuzi za wavu, au mchote na bakuli tu.

Mpole_wa_Limuru
Ningekuwa na tenki kubwa na nataka wa kukaa na goldfish ningetafuta dojo. Nimekaa Japani miaka mitatu, huyu anaishi kwenye mashamba ya mpunga na anauzwa sokoni akiwa hai kwa ajili ya supu. Mrefu kama nyoka mdogo, sharubu jozi 5, anajifukia mchangani kichwa tu kinabaki nje, na kanieneo ya hewa ikishuka kabla ya mvua anahangaika kupanda na kushuka, ndo maana wanamwita samaki wa hali ya hewa. Naye humeza hewa kama kori. Naye ni wa kundi, watatu ni wachache, watano wanalala wamerundikana kama kamba. Lakini anapita sentimita 15 kwa urahisi na anaishi miaka kumi na zaidi, kwaiyo sentimita 90 ni ndogo, na anatoroka kwenye tundu lolote la mfuniko, funika mpaka pale bomba la filta linapoingia.

Na ombi langu kwa wote mlioko nyanda za juu, dojo hata baridi ya huko haimshindi. Akikushinda mrudishe kwa mtu, usimwage mtoni. Marekani na Australia ametoroka akazaliana, sisi mito yetu ina samaki wake.

Mwl_Maji
Hapo kwenye mto umenena. Dada baki na kori, hilo tenki linawatosha kabisa, goldfish wapatie lao. Tumia filta ya sponji na pampu ya betri ya akiba kwa siku za umeme kukatika, na ile sponji ya zamani ihamishie nusu kwenye tenki jipya usianze bila wale bakteria wanaosafisha maji, kwenye baridi wanakua taratibu sana. Maji ya bomba yalaze ndoo siku nzima klorini itoke.

Binti_Njombe
Wakuu narudi, sasa ni Novemba. Fundi alinitumia watano kwa basi aliowazalisha mwenyewe, kila mmoja mfuko wake maana alisema wakishtuka pamoja hutoa kitu kinachoharibu maji. Nilipowaachia yule wangu alitoka nyuma ya filta ndani ya saa moja. Saa moja! Akaenda moja kwa moja akajipanga pembeni yao na tangu siku hiyo hajarudi kwenye ile kona. Nimekaa sakafuni nikimwangalia mpaka chai ikapoa.

Juzi mvua ya kwanza kubwa imepiga, nilikuwa nimebadilisha maji jioni yake na maji yalikuwa ya baridi kidogo. Asubuhi nakuta vidoti vya njano vimebandikwa kwenye kioo, kama themanini. Ni mayai?

Fundi_Vioo
Ni mayai dada, mvua na maji ya baridi ndo vinawaambia msimu umefika. Usichelewe maana wenyewe watayala. Yabandue taratibu kwa kidole au kadi ya simu, weka kwenye chombo chenye maji ya tenki hilohilo na jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa mapovu, kila siku toa yanayogeuka meupe yenye ukungu yasiambukize mengine. Kwa joto lako yanaweza kuchukua wiki. Watoto siku mbili za mwanzo wanakula kiini chao, kwaiyo tafuta minyoo midogo ya siki, ile inayofugwa kwenye siki, kuanzia leo.