Mrejesho: Subaru ya turbo iliyokuwa inachemsha kwenye foleni

Wakuu, niliuliza kwa nini Impreza WRX yangu inapandisha joto kwenye foleni za Arusha, halafu nikishika barabara ya Moshi mshale wa joto unashuka wenyewe. Wengi mlisema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi) imekufa. Asanteni, ila siyo.

Aliyepatia ni yule aliyesema niangalie hewa. Gari ikikimbia, upepo unapoza rejeta, yaani kile kinachopoza maji ya injini. Ikisimama, kazi yote ni ya feni. Tukawasha AC tukachungulia: feni moja inazunguka, ya pili kimya, plagi yake imeungua mpaka plastiki imeyeyuka. Kati ya kondensa (kipoza gesi ya AC kilicho mbele) na rejeta, vumbi na majani vimegandamana kama mkeka. Fundi kaosha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini, maana presha kubwa inalaza mapezi yake, yale mabati membamba.

Mfuniko wa rejeta nao mpira ulishakufa. Msiudharau huo! Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayokisogeza kiwango hicho kupita 110.

Kuhusu kung'oa themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), nilikataa. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta.

Sasa mshale umetulia hata foleni ya jioni. Kilichobaki ni kile kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini: nikisimama sana kinapata joto, nikiondoka gari inakuwa nzito kidogo, kisha inachangamka.