Orodha ya wapiga kelele: niiache au niiendeleze?

Mwalimu wa darasa la tatu, Morogoro

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu lenye wanafunzi 92 katika chumba kimoja. Kama ilivyo desturi ya shule nyingi, ninapokwenda ofisini monita husimama mbele na kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele, nami nikirudi huwaadhibu walioandikwa. Wiki iliyopita niligundua kwamba majina ni yale yale kila siku, na kwamba mtoto mmoja amekuwa akimpa monita nusu ya andazi lake la mapumziko ili jina lake lifutwe kabla sijaingia. Tangu hapo sina imani na orodha hiyo, lakini nikiiacha, kelele zinafika hadi kwa mwalimu mkuu. Ninyi mnawatulizaje watoto wa umri huu, wakaheshimiana pasipo orodha wala fimbo?

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mwanangu, kosa la huyo monita ni dogo kuliko letu sisi tuliompa mtoto wa miaka tisa kazi ya upolisi. Mimi niliugeuza umonita kuwa zamu ya wiki moja moja, na kazi yake ikawa kugawa madaftari, kufuta ubao na kuongoza usomaji wa kupokezana. Kazi ya kuandika majina niliikataza kabisa. Aliyekuwa mtundu kupita wote ndiye niliyemwanzisha, na wiki ile hakuna aliyenyamazisha wenzake kama yeye.

Kuhusu fimbo, nakukumbusha kwamba kanuni zetu za mwaka 2002 zinaitaka itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika daftari maalumu. Kwa hiyo kumchapa kila aliyeandikwa ubaoni ni kuvunja kanuni, hata kabla hatujabishana kama kunasaidia.

Mwalimu wa gredi ya tatu, Mombasa

Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na nakiri kwamba mimi niliiweka fimbo chini nikaokota ulimi: nilikuwa nikimsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumkejeli mpaka darasa zima licheke. Darasa lilitulia, ila muda si mrefu nikawasikia wakikejeliana uwanjani kwa maneno yangu mwenyewe, hata kwa sauti yangu.

Kilichonisaidia ni kutoondoka darasani bila kuacha kazi ambayo kila mtoto anaweza kuianza mara moja, kwa kuwa kelele nyingi huzaliwa na mikono mitupu. Pia chunguza hayo majina yasiyobadilika. Kwangu mmoja wao alikuwa akimuuliza jirani kila neno kwa sababu haoni ubao vizuri kutoka nyuma; nilipomhamishia dawati la mbele, jina lake likatoweka.

Mzazi, Dodoma

Naomba niongeze moja tu. Binti yangu anamwamkia mwalimu wake shikamoo kila asubuhi, na mwalimu anaitikia huku akiangalia simu. Nyumbani sasa binti huyo ananiitikia mimi vivyo hivyo, bila kuinua macho.

Mwalimu wa darasa la tatu, Morogoro

Nawashukuru nyote, shikamoo, mwalimu wangu wa Tanga. Huu ni mwisho wa wiki ya pili tangu nianze zamu. Kelele hazijaisha, hasa kipindi cha mwisho njaa inapouma, lakini kwa kazi ninayoiacha ubaoni naweza kufika ofisini na kurudi bila mtu kulia. Kati ya wale watano wa kila siku, wawili walikuwa hawajui kusoma sawasawa, jambo ambalo orodha ilinificha tangu Januari. Nimewapangia nusu saa baada ya vipindi. Zamu ya mtoto wa andazi inaanza Jumatatu, na tayari ameniuliza kama monita anaruhusiwa kukaa na chaki.