Mama kazikwa Tanga, mimi niko Minneapolis, Marekani

Mwana wa Chumbageni: Ndugu zangu, mama alifariki Jumatatu alfajiri, akazikwa siku hiyohiyo saa kumi alasiri. Hapa ilikuwa saa moja asubuhi, theluji imejaa mlangoni. Kupitia simu ya mdogo wangu niliona jeneza likitoka nyumbani, kisha bando likamwishia. Kazini wamenipa siku tatu na kadi yenye saini zao. Wana huruma, lakini hakuna aliyekuja kukaa nami. Nyumbani jirani angeingia na sufuria bila kuitwa. Kanga ya mama ninayo, sijaifua, bado inanukia udi. Nyie mlifanyaje?

Dada Mkubwa: Pole sana mdogo wangu. Nilifiwa na baba nikiwa Columbus. Watu wa huku huogopa kukusumbua. Nilimwambia jirani waziwazi, "Njoo ukae." Alikaa saa nzima, hasemi kitu, kanishika mkono.

Abuu: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hitima isomeni hata mkiwa watano. Kanga usiifue kwanza. Unakaa mtaa gani?

Mwana wa Chumbageni: Cedar-Riverside, kaka.

Abuu: Jumamosi baada ya adhuhuri nakuja na mke wangu. Chakula tunaleta sisi, usipike.