Salio linarukia karatasi ya pili nikichapa Excel, naombeni ushauri

MwekaHazina_Ngamiani
Habari za asubuhi wakuu. Natunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye Excel nina jina, hisa, mkopo, rejesho, faini na salio. Nikitazama onyesho kabla ya kuchapa, safu zote zimekaa ukurasa mmoja. Nikipeleka flashi steshenari, safu ya salio inatoka karatasi ya pili peke yake, na mikopo mingine inatoka #### badala ya tarakimu. Wenzangu wengi wanasoma karatasi tu. Mtu asipoliona salio lake anaingiwa na wasiwasi, na ana haki. Mkutano ni Jumapili. Nifanyeje?

Fundi_Chumbageni
Pole dada. Onyesho hilo Excel hulichora kwa kufuata printa iliyochaguliwa kwenye mashine yako. Ukifungulia kwenye mashine ya steshenari, yenye printa nyingine, vipimo vya herufi vinabadilika kidogo na mipaka ya kurasa inasogea. Kwanza ingia "Page Layout", halafu "Size". Nahisi utakuta Letter, karatasi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279. Steshenari zetu zinatumia A4, 210 kwa 297. Hizo milimita 6 za upana zinatosha kabisa kulisukuma salio nje. Weka A4.

BintiPongwe
Hapo hapo kuna "Width" (upana), weka ukurasa 1. Ila "Height" (urefu) iache Automatic, tafadhali! Watu hubana vyote viwili, orodha ikiwa ndefu herufi zinakuwa punje za mchele, na bibi zetu hawaoni kitu. Kurasa zikizidi moja, tumia "Print Titles" ili mstari wa vichwa ujirudie kila karatasi.
Hizo #### ni safu kuwa nyembamba. Maneno yanaweza kumwagikia kisanduku cha jirani kikiwa kitupu, tarakimu haziwezi. Panua safu ya mkopo kidogo, usiiache imebana hata kama kwenye skrini inaonekana sawa.

MwekaHazina_Ngamiani
Ahsanteni sana. Kweli ilikuwa Letter. Nimeweka A4 na hiyo "Width", hapa kwangu imekaa vizuri. Nikifika steshenari haitavurugika tena?

Fundi_Chumbageni
Itaweza kuvurugika ukipeleka Excel. Hifadhi kama PDF hukohuko nyumbani, uipitie ukurasa kwa ukurasa, upeleke hiyo. Mpangilio unakuwa umeshafungwa, na hakuna atakayegusa tarakimu kwa bahati mbaya. Mwambie kijana wa steshenari achague "Actual size" (ukubwa halisi) anapochapa. Pambizo ziache za kutosha, printa nyingi hazifiki ukingoni mwa karatasi. Atoe nakala moja kwanza, uilinganishe na PDF kwenye simu yako, ndipo atoe za wanachama wote.